Mita Moja na Nusu, Katuba

Bafu letu ni mita moja na nusu kwa mbili.
Ukiinama kunawa miguu, paji linagonga mlango.
Miaka kumi na tisa kuta zake zilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha,
na pembeni ukungu ulichora ramani
ya nchi isiyo na mji mkuu.

Nikahesabu: franka elfu sitini, zote za Desemba.
Soko la Kenya, mita moja ya karo zenye maua
ilitaka kumeza nusu.
Nikaziaga karo, nikarudi kwa miguu,
kwani nyumba ya watu wasiotupa kitu
ni duka ambalo bei zake zililipwa zamani.

Kwanza beseni.
Enameli nyeupe, ukingo wa buluu,
mama aliolewa nalo, lilibebwa kichwani toka Kipushi
limejaa unga, na juu ya unga jogoo amefungwa miguu.
Humo tulioga sote watano, maji yaleyale,
mimi wa mwisho,
nikitoka na matope ya kaka zangu.

Fundi Chalwe alitaka kulitoboa chini apitishe bomba.
Mama akasimama mlangoni. Hakusema neno.
Chalwe akairudisha keekee mfukoni,
akaomba maji ya kunywa.

Basi beseni halina tundu.
Ukimaliza kunawa unalinyanyua kwa mikono miwili,
unamwaga,
kama zamani.

Limekaa juu ya miguu ya cherehani ya bibi,
chuma kilichosukwa kama nywele za Jumapili.
Jina la kiwanda limelika, zimebaki herufi tatu.
Kanyagio bado linacheza:
nikipiga mswaki
mguu wangu unashona nguo ambayo haipo.

Kioo ni cha shangazi Musau,
aliyerudi kutoka Likasi na masanduku mawili na hasira.
Zebaki imeliwa pembeni, kina madoa kama mkono wa mzee.
Kisimba, kaka yangu, akasema: kitupe, kinatuzeesha.
Nikakisugua kwa siki na gazeti kuukuu.
Hakikubadilika.
Nikajifunza kusimama pale palipo safi,
kidogo kushoto.

Pesa? Pesa zilikwenda kwenye saruji kilo tano,
msasa, brashi iliyonyonyoka siku ya pili,
na kopo moja la rangi.
Muuzaji aliiita kijani cha bahari.
Mimi bahari sijaiona.
Nyumbani tunaiita sombe,
sombe iliyotwangwa vizuri, kabla ya mafuta.

Halafu shaba.
Baba, miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuri,
alileta nyumbani kipande kimoja tu:
bomba la urefu wa mkono wangu.
Hakusema alilipataje, nasi hatukuuliza.
Lilikaa chini ya kitanda siku zake zote,
na baada yake.
Sasa limebeba taulo.
Mvuke hulitia kutu ya kijani wiki nzima;
Ijumaa mama hulisugua kwa limau na majivu
mpaka liwe jekundu
kama uso wa baba akitoka zamu ya usiku.

Kitu kimoja sikuweza kukirekebisha: bomba la mtaa.
Mchana linapumua upepo tu.
Tulikaa sebuleni na bidoni tano, rangi ikinuka,
Kisimba akisinzia, shangazi akihesabu mbu,
hadi saa tisa usiku
bomba likakohoa, likatema uwekundu,
likatoa maji.

Mama akainuka kabla yetu.
Akaingia na taa, akafunga mlango,
akakawia.
Shangazi akataka kubisha, nikamshika mkono.
Hatukusikia maji.
Tulisikia kanyagio,
polepole, kisha kwa haraka,
kama mtu mwenye sare ya shule ya kumaliza
kabla hakujakucha.